Kamera za Mabasi ya Shule na Mikataba Inayokula Faini

Kabla jua halijachomoza tarehe 30 Oktoba 2018, watoto wanne walianza kuvuka barabara ya jimbo namba 25 karibu na mji mdogo wa Rochester, Indiana, nchini Marekani. Basi lao la shule lilikuwa limesimama upande wa pili, taa nyekundu zinamweka, kibao cha STOP kimefunguka ubavuni. Pikapu iliyokuwa ikija kutoka mbele ya basi haikusimama. Msichana wa miaka 9 na wadogo zake wawili, pacha wa kiume wa miaka 6, walifariki. Mtoto wa nne alijeruhiwa vibaya. Dereva aliwaeleza polisi kwamba taa aliziona, ila hakutambua kuwa zile ni taa za basi la shule. Mwaka uliofuata mahakama ilimtia hatiani na kumfunga miaka 4.

Msiba huo hutajwa mara nyingi na watetezi wa kamera za mabasi ya shule, na uchungu wao ni wa haki. Lakini lazima tuulize: kamera ingefanya nini asubuhi ile? Ingerekodi tu. Kamera humzuia dereva anayejua kosa na kulihesabu, yule mwenye haraka anayejiambia kwamba hakuna askari karibu. Humzuia kwa kumbukumbu ya faini aliyolipa mwezi uliopita. Dereva asiyeelewa anachokiona gizani, kwenye barabara ya mwendo kasi, hana kumbukumbu hiyo ya kumzuia. Nasema hivi nikiwa upande wa kamera, na nitaeleza kwa nini. Nataka tu tujue mapema kazi yake inaishia wapi, kwa sababu katika miji mingi ya Marekani imeuzwa kana kwamba haina mwisho.

Sheria yenyewe ni rahisi kuieleza. Katika majimbo yote 50, basi la shule likisimama na kuwasha taa nyekundu, magari yanayolifuata lazima yasimame, na kwenye barabara ya kawaida yanayokuja kutoka mbele yasimame pia. Tofauti huanza pale barabara inapokuwa na tuta au ukanda wa kuigawa katikati: majimbo mengi humruhusu dereva wa upande wa pili kuendelea, New York haimruhusu. Utaratibu huu umekua pamoja na basi lenyewe. Rangi yake ya manjano ilitokana na mkutano ulioitishwa mwaka 1939 na Frank Cyr katika chuo cha ualimu cha Columbia, New York, kwa sababu rangi hiyo huonekana mapema katika mwanga hafifu wa asubuhi na herufi nyeusi husomeka vizuri juu yake. Kenya nayo imeiweka kisheria kwa mabasi yake ya shule. Basi la shule la Marekani ni chombo salama sana, salama kuliko gari la mzazi. Hatari kubwa ya mtoto iko nje ya mlango wake, katika zile hatua chache kati ya ngazi na ukingo wa barabara.

Hapo ndipo askari anaposhindwa. Marekani ina karibu mabasi 480,000 ya shule, na kila moja husimama mara nyingi kwa siku. Hakuna jeshi la polisi linaloweza kulifuata kila basi. Kabla ya kamera, shahidi alikuwa dereva wa basi peke yake, na alitakiwa afanye mambo yasiyowezekana kwa wakati mmoja: awaangalie watoto wanaoshuka, asome namba za gari linalopita kwa kasi, akumbuke rangi yake, na katika baadhi ya majimbo amtambue hata mtu aliyeshika usukani. Kesi nyingi zilikufa hapo hapo. Ndiyo maana naiunga mkono kamera. Inamwondolea dereva kazi ambayo haikupaswa kuwa yake, naye anabaki na macho yake kwa watoto.

Ukubwa wa tatizo umewahi kupimwa kwa njia ya kuvutia. Chama cha kitaifa cha wakurugenzi wa usafiri wa wanafunzi wa majimbo huwaomba madereva wahesabu, kwa siku moja tu, magari yaliyowapita kinyume cha sheria. Mwaka 2019 madereva 130,963 wa majimbo 39 walishiriki, wakahesabu magari 95,319. Zidisha kwa siku 180 za mwaka wa shule na utapata zaidi ya milioni 17, nambari ambayo hutajwa katika kila hotuba kuhusu jambo hili. Mimi naona kugawanya kuna faida zaidi kuliko kuzidisha. Gawanya magari hayo kwa madereva walioshiriki na utaona ni chini ya gari moja kwa kila basi kwa siku. Wastani huo unaficha mengi. Liko basi linalopita mitaa ya ndani ya makazi na kumaliza wiki bila kupitwa hata mara moja, na liko linalosimama kwenye barabara kuu ya njia nne na kupitwa kila kukicha. Makosa haya yana makazi yake, na mara nyingi makazi hayo ni barabara pana, ambako dereva wa njia ya mbali, upande wa pili, anahisi basi halimhusu. Magari yanayopita upande wa mlango, ambako mtoto anakanyaga, ni machache sana yakilinganishwa na yanayotoka mbele. Watoto wanaouawa kwa namna hii ni wachache kwa mwaka, jambo la kushukuru. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya makosa hayo mamilioni hutokea wakati hakuna mtoto barabarani. Hilo halimsafishi dereva, ila linatuonyesha pa kuelekeza nguvu zetu: kwenye vituo ambavyo mtoto analazimika kuvuka.

Sasa tuitazame kamera yenyewe. Kwa kawaida huwa kadhaa ubavuni mwa basi, zikitazama mbele na nyuma. Kibao kinapofunguka, mfumo unaanza kurekodi. Programu ya akili mnemba hutambua gari linalopita na kusoma namba zake, kifaa cha setilaiti huandika mahali na saa, na video hupelekwa kwa kampuni. Wafanyakazi wa kampuni huchuja, kisha afisa wa polisi au wa serikali ya mtaa huthibitisha, na notisi hutumwa kwa posta kwa mwenye gari. Kwa kuwa hakuna aliyeona sura ya dereva, sheria nyingi hulifanya kosa hili kuwa la madai: faini bila alama kwenye leseni. Kwa hiyo kijana aliyeazima gari la mama yake hapati chochote, mama ndiye anayepata barua. Naye tajiri anayepita mabasi kila wiki anaweza kulipa kila wiki na leseni yake ikabaki safi. Askari aliyemsimamisha dereva barabarani angekuwa na adhabu kali zaidi mkononi.

Haya yote yanavumilika. Kinachonitia wasiwasi ni namna chombo hiki kinavyolipiwa.

Kampuni huja kwa wilaya na maneno matamu kwa mtu yeyote mwenye bajeti finyu: tutafunga kamera kwenye mabasi yenu yote bila nyinyi kutoa hata senti. Tutazitunza, tutapitia video, tutatuma barua, tutapokea simu za wanaolalamika. Malipo yetu yatatoka kwenye faini. BusPatrol, kampuni kubwa kuliko zote katika biashara hii, imekua kwa mtindo huo. Katika kaunti ya Suffolk, kwenye kisiwa cha Long Island, mpango ulianza mwaka 2021 baada ya jimbo la New York kuruhusu kamera hizi mwaka 2019. Faini ya kosa la kwanza ni dola 250, na mgao ukapangwa asilimia 55 kwa kaunti, asilimia 45 kwa kampuni.

Fikiri mkataba wa namna hiyo unavyokiona kituo kimoja. Tuseme ni kituo kilicho kwenye barabara ya njia nne, na kila siku magari 10 yanalipita basi likiwa limesimama hapo. Kwa faini ya dola 250, na ikiwa kila mtu atalipa, kituo hicho kinazaa dola 2,500 kwa siku, dola 450,000 kwa mwaka wa shule. Sehemu ya kampuni, kwa mgao ule wa 45, ni dola 202,500. Mhandisi wa barabara akiziona video za kituo hicho atasema jambo moja: kihamisheni. Lizungusheni basi liwachukue watoto upande wa nyumba zao. Wekeni kituo mtaa wa ndani, mita mia mbili kutoka hapo. Akisikilizwa, watoto wanakuwa salama na mapato yanatoweka siku hiyo hiyo. Hakuna mtu anayehitaji kuwa mwovu ili kituo kibaki pale kilipo. Inatosha kwamba upande mmoja wa meza una sababu ya dola laki mbili ya kutolitaja wazo la kukihamisha, na upande wa pili una pengo katika bajeti.

Uovu nao umewahi kuwapo, na una jina la mahali. Dallas, Texas, palikuwa na shirika la umma lililoitwa Dallas County Schools, lililosafirisha wanafunzi wa wilaya kadhaa. Liliingia mikataba ya zaidi ya dola milioni 70 na kampuni ya kamera ya Force Multiplier Solutions, kwa ahadi kwamba faini zingerudisha fedha hizo na ziada. Faini hazikutosha, madeni yakapanda. Novemba 2017 wapiga kura walilikataa shirika hilo na likafungwa. Mkuu wake, Rick Sorrells, alikiri mahakamani mwaka 2018 kwamba alipokea rushwa ya zaidi ya dola milioni 3 kutoka kwa kampuni. Diwani wa jiji, Dwaine Caraway, alikiri kupokea dola 450,000 na akafungwa miezi 56. Sorrells na mkuu wa kampuni, Robert Leonard, walipata miaka 7 kila mmoja. Shirika lililokuwepo ili kuwafikisha watoto shuleni lilikufa kwa sababu ya kamera zilizonunuliwa kwa jina la usalama wa watoto hao hao. Wanaofundisha ununuzi wa umma wanapaswa kuisoma kesi hii ukurasa kwa ukurasa.

Huko New York tatizo lilikuwa la aina nyingine, na kwa macho yangu linafundisha zaidi, kwa sababu halikuhitaji mla rushwa. Madereva wa Suffolk walikwenda mahakamani, na katika rufaa majaji wakahoji jambo la msingi: sheria inakataza kulipita basi lililosimama kwa ajili ya kupakia au kushusha wanafunzi. Je, ushahidi uliotumwa na kampuni ulithibitisha kwamba wanafunzi walikuwa wakipanda au kushuka? Haukuthibitisha. Kamera zilikuwa zimeelekezwa kwenye magari, kwa kuwa magari ndiyo yanayolipa. Baadaye bunge la jimbo likaibadili sheria ili kibao kikifunguka ichukuliwe kwamba wanafunzi wapo, isipokuwa mwenye gari athibitishe vinginevyo. Nalielewa bunge. Dereva anayeliona basi limewasha taa hawezi kuachiwa aamue mwenyewe kama mtoto yupo. Hata hivyo, mzigo wa ushahidi ulihamishwa kutoka kwa anayedai faini kwenda kwa anayedaiwa, na uhamisho huo ungestahili kuambatana na mchujo mkali zaidi wa video kuliko uliokuwepo.

Miami-Dade, Florida, ilionyesha mchujo hafifu unaishia wapi. Florida iliruhusu kamera hizi mwaka 2023, faini dola 225, na mpango wa kaunti ukaanza mwaka 2024. Katika muda wa miezi michache zilitoka notisi zaidi ya 100,000. Sheria ya Florida inamruhusu dereva wa upande wa pili kuendelea ikiwa barabara imegawanywa kwa tuta lililoinuka au kwa ukanda usio na lami wenye upana wa futi 5 au zaidi. Pamoja na hayo, watu walitumiwa faini huku picha ya kosa lao ikionyesha waziwazi lile tuta la katikati. Waliotaka kupinga walilalamika kwamba hawapati pa kusikilizwa. Mwaka 2025 sherifu mpya wa kaunti, Rosie Cordero-Stutz, aliusimamisha mpango. Hasara hapa ni kubwa kuliko dola 225. Mtu aliyetozwa kwa haki na jirani yake aliyetozwa kwa makosa sasa wanazungumza lugha moja: kamera ni wizi. Imani hiyo ikishaharibika, kuirudisha ni kazi ya miaka, na ni imani ile ile tunayoitegemea ili dereva asimame hata pale pasipo na kamera.

Kampuni zina jibu lao, nalo ni takwimu. Husema kwamba zaidi ya asilimia 90 ya wanaopata notisi ya kwanza hawapati ya pili, na kwa hiyo kamera zinabadili tabia. Nambari hiyo inaweza kuwa sahihi na bado isithibitishe kinachodaiwa. Dereva wa kawaida hukutana na basi la shule lililosimama mara chache, na kulipita kimakosa ni jambo la nadra katika maisha yake ya barabarani. Chukua kundi la madereva waliolipita basi mara moja, usiwaadhibu kwa lolote, na mwaka mmoja baadaye utakuta wengi wao hawakukamatwa tena. Kipimo cha kweli ni kingine: katika kila vituo 1,000 ambavyo basi limesimama, limepitwa mara ngapi mwaka huu, na mara ngapi mwaka jana, kwenye barabara zile zile? Mfumo una data yote ya kulijibu swali hili, kwa kuwa kila kufunguka kwa kibao kumeandikwa pamoja na mahali na saa. Wilaya inayoshindwa kuitoa nambari hiyo haijui kama watoto wake wako salama zaidi. Inajua tu imekusanya kiasi gani.

Kuna pia suala la muda, ambalo halizungumzwi vya kutosha. Adhabu hufundisha ikifika mapema. Notisi inayochukua wiki tatu njiani inamkuta dereva ameshapita mahali pale pale siku zote hizo akienda kazini, na kama hakujua kwamba anakosea, barua ya kwanza itafuatwa na nyingine nne kabla hajapata nafasi ya kujirekebisha. Kwa mfanyakazi anayelipwa kwa saa, dola 1,250 ni kodi ya nyumba. Wasomaji wetu wengi walio Marekani, waliotoka Lubumbashi, Mombasa au Bujumbura na kujifunza sheria hii ukubwani, wamo katika kundi hili. Nawashauri waifungue barua siku ile ile, watazame video yote na si picha moja, waangalie kama barabara ina tuta katikati na kama jimbo lao linalitambua, na wapinge ndani ya muda ulioandikwa. Kunyamaza huhesabiwa kuwa kukubali.

Indiana yenyewe, baada ya msiba wa Rochester, ilipitisha mwaka 2019 sheria yenye kifungu ambacho nakipa uzito kuliko kamera zote. Basi la shule linalopita barabara kuu za kitaifa au za jimbo haliruhusiwi kumpakia wala kumshusha mtoto mahali panapomlazimu kuvuka barabara hiyo, isipokuwa pale ambapo hakuna njia nyingine salama. Kifungu hicho hakimhitaji dereva mwangalifu wala mwenye hofu ya faini. Kinamwondoa mtoto barabarani. Kina gharama, bila shaka: basi litazunguka zaidi, mafuta yataongezeka, watoto wengine wataamka dakika kumi mapema. Hizo ni gharama ambazo wilaya hulipa kutoka mfukoni mwake, na ndiyo sababu haziwi na mchuuzi wa kuzipigia debe kwenye kikao cha bodi.

Kwa hiyo mkataba ninaoutetea unaanza na malipo. Kampuni ilipwe ada isiyobadilika kwa kila basi kwa mwezi, iwe barabara imetoa makosa elfu moja au sifuri, na faida yake isiguswe na idadi ya notisi. Vigezo vya kuchuja video viandikwe na serikali na vichapishwe. Notisi ya kwanza iwe onyo lenye video, lifike ndani ya siku chache. Orodha ya vituo vinavyopitwa zaidi ipelekwe kila mwezi kwa wapangaji wa njia za mabasi, nao watakiwe kueleza hadharani kwa nini kila kituo kilichomo hakijahamishwa. Faini, baada ya kulipia ada, zitumike kuhamisha vituo, kuweka taa na kujenga njia za miguu, na zikikauka kwa sababu kazi imefanikiwa, asiwepo wa kulia. Mtu akifika Nairobi au Dar es Salaam kesho na kamera za bure za aina yoyote, ziwe za kasi, za taa au za mabasi, maafisa wetu wafungue kwanza ukurasa wa malipo kabla ya kutazama video za maonyesho.

Wapo watakaosema wilaya maskini haiwezi kulipa ada hiyo, na ndiyo maana mgao ulibuniwa. Hoja hii ina uzito, lakini inasahau zile hesabu za mwaka 2019. Kama makosa yamerundikana kwenye barabara chache, hakuna haja ya kufunga kamera kwenye mabasi yote ya wilaya, tuseme yenye mabasi 600. Wakae dereva, mpangaji wa njia na askari wa barabarani wachague mabasi 40 yanayosimama kwenye barabara pana ambako kituo hakihamishiki. Kampuni ya mgao haitaupenda mpango huo, kwa kuwa mabasi mengine 560 ni nyavu zilizo majini hata kama samaki ni wachache. Wilaya inayolipa ada kwa kila basi itaupenda, kwa sababu kila kamera isiyohitajika itakuwa ikiigharimu mwezi hadi mwezi.